Mwongozo kamili: kusafisha picha ya RAW bila kuua umbile la ngozi, nguo na majani

Wengi wanaoniletea picha zao nizitazame wanakwama mahali pamoja. Ngozi ya mtu inateleza kama ya mdoli wa plastiki, nyasi zinaonekana kama rangi iliyopakwa kwa brashi, ndevu zimegandana. Wengine wana tatizo la upande wa pili: kila unywele una mstari mweupe pembeni, na anga imejaa vidoadoa kama mchanga. Kamera ni nzuri, lenzi ni nzuri, faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, ni zima. Picha inaharibikia kwenye programu, na mara nyingi ndani ya dakika mbili za kwanza.

Chanzo ni kimoja. Umbile la uso wa kitu, yaani vitundu vya ngozi, nyuzi za nguo, mikwaruzo ya gome la mti, lina ukubwa uleule wa noizi, yaani vidoadoa visivyotakiwa vya picha: pikseli moja, mbili, tatu hivi. Programu haina macho ya kujua hiki ni kitundu cha ngozi na kile ni doa la noizi. Inakisia. Kazi yako ni kuisaidia ikisie vizuri, na kazi hiyo ina mpangilio wake. Anayeruka hatua ya 4 akakimbilia kunoa, yaani kuongeza ukali wa kingo, anainoa noizi kwanza, kisha anahangaika kufuta noizi aliyoinoa mwenyewe.

Katika mwongozo huu wote nitatumia picha moja kama mfano: mzee mwenye ndevu za mvi, amekaa kando ya dirisha, amevaa sweta ya sufu. ISO, yaani kiwango cha unyeti wa kamera kwa mwanga, ni 3200. Nusu ya uso iko kwenye mwanga, nusu kwenye kivuli. Ni picha ngumu kwa sababu ina kila kitu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Faili la RAW, si JPEG. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila pikseli. JPEG ina 256 kwa kila rangi, na kamera imeshainoa na kuilainisha bila kukuuliza. Huwezi kurudisha ilichofuta.
- Programu ya kusafishia RAW. Lightroom inafaa. RawTherapee na darktable ni za bure na zinakupa uhuru zaidi kwenye hatua ya 3. Majina ya vitelezi (vidhibiti vya kuvuta kushoto na kulia) nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye Lightroom, maana ndiyo wengi wanayoyaona.
- Kioo cha kompyuta kilichowekwa kwenye vipimo vyake halisi. Kioo kikikuza maandishi kwa asilimia 150, hakikisha programu yako bado inaonyesha pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya kioo.
- Jibu la swali hili: picha inakwenda wapi? Simu, ukurasa wa wavuti, au karatasi? Bila jibu hili hatua ya 7 na ya 8 hazifanyiki.

## Hatua ya 1: Kuza hadi asilimia 100 na uzime kila kitu

Fungua picha, ikuze hadi asilimia 100, yaani 1:1. Kisha shusha vitelezi vyote vya kunoa na vya noizi hadi 0.

Utashangaa. Lightroom haianzi na sifuri hata kidogo: picha ya RAW kwa kawaida inafunguka ikiwa na "Amount" 40, "Radius" 1.0, "Detail" 25, na noizi ya rangi 25. Kwa hiyo anayesema "sijagusa kitu" ameshaguswa tayari. Mpaka uone faili likiwa uchi, hujui una nini mkononi.

Onyo: usiamue lolote kuhusu umbile ukiwa umeiweka picha nzima kwenye kioo. Ikiwa ndogo hivyo, programu inachanganya pikseli nyingi kuwa moja. Noizi inajificha, na ukali unaouona si ukali utakaotoka. RawTherapee inaweka alama ya 1:1 kwenye zana za aina hii kukukumbusha.

Ukifanikiwa utaona nini? Picha laini kidogo, yenye vidoa. Sweta ya mzee inaonekana imefifia. Usiogope, RAW ndivyo ilivyo.

## Hatua ya 2: Maliza mwanga na rangi kwanza

Weka mwanga, weupe, vivuli na utofauti wa giza na nuru kabla ya kugusa umbile.

Hapa inabidi nieleze noizi inatoka wapi, maana ukilielewa hili utaacha kubahatisha. Mwanga unafika kwenye kihisi cha kamera kwa chembe, na chembe hizo hazifiki kwa idadi iliyonyooka. Pikseli iliyotarajiwa kupata chembe 10,000 inayumba kwa takriban 100 juu au chini, yaani asilimia 1. Jicho halioni. Pikseli ya kivulini iliyotarajiwa kupata chembe 100 inayumba kwa takriban 10, yaani asilimia 10. Hiyo jicho linaiona vizuri sana.

Sasa fikiria umepandisha kivuli cha shavu la mzee kwa hatua 2 za mwanga. Mtikisiko ule wa asilimia 10 umeutoa gizani ukauweka mahali pa kuonekana. Kama ulishapima noizi kabla ya kupandisha, kipimo chako kimekufa.

Ukifanikiwa: picha nzima inapendeza ikiwa ndogo, na ukirudi 1:1 unaona noizi nyingi zaidi kivulini kuliko kwenye mwanga.

## Hatua ya 3: Chagua namna programu inavyojaza rangi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na kwangu ndiyo yenye utamu.

Kihisi cha kamera hakioni rangi tatu kwa kila pikseli. Katika mpangilio wa Bayer, unaotumika kwenye kamera nyingi, kila pikseli 4 zina 2 za kijani, 1 nyekundu na 1 ya bluu. Kamera ya pikseli milioni 24 ina milioni 12 za kijani, milioni 6 nyekundu na milioni 6 za bluu. Kila pikseli imepima rangi moja tu. Mbili zilizobaki zinakokotolewa na programu kwa kutazama majirani. Theluthi mbili ya rangi unayoiona kwenye sweta ya mzee imekisiwa.

Ndiyo maana faili lilelile, likifunguliwa kwenye programu mbili, linatoa umbile tofauti. Si uchawi wala si propaganda za mashabiki. Kila programu ina hesabu yake ya kukisia.

Kwenye RawTherapee na darktable unaweza kuchagua hesabu hiyo mwenyewe:

- AMaZE na RCD zinatoa vitu vidogo vidogo vizuri pale noizi ilipo kidogo. Manyoya, nyuzi, majani ya mbali: anza na mojawapo.
- LMMSE ni ya picha za ISO kubwa. Hesabu zilizotangulia zinaweza kudhani doa la noizi ni ukingo wa kitu na kulivuta kuwa mstari. LMMSE inajizuia zaidi.
- VNG4 ni laini. Inafaa sehemu tulivu kama anga, lakini haifai kwa nyuzi. RawTherapee inakuruhusu kuichanganya na AMaZE au RCD, hesabu moja ikashika penye umbile na nyingine penye utulivu. Mchanganyiko huo naupenda sana kwa picha za mandhari.

Wenye kamera za Fujifilm zenye kihisi cha X-Trans wasome hapa kwa makini. Mpangilio wao ni wa 6 kwa 6, si 2 kwa 2: katika pikseli 36, 20 ni za kijani, 8 nyekundu na 8 za bluu. Kunoa kwa nguvu faili la aina hiyo kwenye Lightroom kunaweza kutoa vile vijistari vilivyojikunja ambavyo wapiga picha wanaviita minyoo, hasa kwenye majani. Kwenye programu za bure, chagua Markesteijn ya mizunguko 3. Kwenye Lightroom, punguza "Detail" hadi chini ya 20, au tumia zana ya kuboresha RAW inayokisia upya rangi za faili zima.

Tazama nini? Kuza hadi asilimia 200 kwenye pindo la sweta. Ukiona mchoro kama njia za panya zilizokatizana, au ukingo wenye meno kama ya zipu, hesabu imekosea. Badilisha, tazama tena. Kwa picha yetu ya ISO 3200 nilianza na RCD, nikaona ndevu za upande wa kivuli zimejaa vijistari visivyokuwepo. LMMSE iliziondoa, na sweta ikapoteza kidogo tu.

Ukifanikiwa: nyuzi zinafuata mwelekeo mmoja, na hakuna rangi ngeni ya zambarau au kijani inayorukaruka juu ya kitambaa.

## Hatua ya 4: Ondoa noizi, lakini usiimalize

Noizi ziko mbili, na zinatibiwa tofauti.

Noizi ya rangi ni madoa mekundu, ya kijani na ya bluu kivulini. Hii iondoe bila huruma. Jicho la mtu haliko makini kwa mabadiliko madogo ya rangi kama lilivyo kwa mabadiliko ya mwanga, kwa hiyo hupotezi umbile. Pandisha kitelezi taratibu kutoka 0; pale madoa yanapotoweka, simama. Ukizidisha, rangi za vitu vidogo zinafifia: midomo inapauka, uzi mwekundu mwembamba unakuwa wa kijivu.

Noizi ya mwanga ni vidoa vyeusi na vyeupe. Hapa ndipo watu wanapoua picha. Umbile la ngozi limo kwenye mwanga huohuo, na ukubwa wake ni uleule. Kila unapofuta doa, kuna kitundu cha ngozi kinafutika nalo.

Nilijifunza hili kwa karatasi. Nilisafisha picha ya mzee huyu noizi ya mwanga ikiwa 60, nikaipenda sana kwenye kioo, nikaichapisha kubwa. Upande wa dirishani sweta ilikuwa na kila kitanzi cha uzi. Upande wa kivuli vitanzi vilikuwa vimetoweka, ikabaki kama nguo iliyopigwa pasi kupita kiasi. Sweta moja, vitambaa viwili. Tangu hapo sipimi noizi kwenye sehemu tupu ya ukuta kama watu wengi wanavyofanya. Napima pale umbile linapoingia kivulini, kwa sababu hapo ndipo linapokufa kwanza.

Fanya hivi:

1. Weka 1:1 mahali umbile linapopita kutoka kwenye mwanga kwenda kivulini.
2. Pandisha noizi ya mwanga mpaka umbile la kivulini lianze kuyeyuka.
3. Rudi nyuma theluthi moja. Kwa ISO 3200 mara nyingi nasimama kati ya 15 na 25.
4. Kama ukuta wa nyuma bado unakera, ushughulikie peke yake kwa brashi au barakoa (eneo la picha ulilolichagua). Usilipishe uso kwa makosa ya ukuta.

Wanaotumia Denoise ya akili mnemba iliyoingia Lightroom mwaka 2023: ni zana nzuri kweli, kwa sababu inakisia rangi na kuondoa noizi kwa wakati mmoja, huku ikiwa imefundishwa kwa picha nyingi. Lakini inaanza na 50, na kwa nyuso hiyo ni nyingi. Jaribu 25 hadi 35. Itazame hasa kwenye nywele na maandishi madogo ya mbali: inaweza kuchora kitu kinachofanana na umbile mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kwa picha ya habari au ya ushahidi, mimi siitumii.

Ukifanikiwa: bado kuna vidoa vidogo vya kijivu ukikuza, vimetawanyika sawasawa, na ngozi inaonekana ni ngozi. Noizi ikiisha kabisa, ujue umepita.

## Hatua ya 5: Noa

Kunoa hakuongezi kitu kilichokosekana. Kunaongeza tofauti kati ya upande mweusi na upande mweupe wa ukingo, jicho likadanganyika kuwa ukingo ni mkali zaidi. Vitelezi ni vinne, na mpangilio wa kuvigusa si ule ulioandikwa kwenye kioo.

Anza na "Radius". Huu ndio upana wa ukingo unaoguswa, kwa pikseli. Vitu vyembamba kama nyasi, manyoya na nyuzi vinataka 0.5 hadi 0.8. Nyuso zinataka 1.0 hadi 1.4, kwa sababu kope na nyusi ni nene kuliko vitundu vya ngozi, na unataka kunoa kope. Ukipita 1.5 mistari myeupe inaanza kuota pembeni ya vitu.

Shikilia Alt, au Option kwenye Mac, huku ukivuta kitelezi. Picha inageuka kijivu na kingo zinazoguswa zinajitokeza peke yake. Kwa mzee wetu, kwenye 0.7 nyuzi za sweta zilijichora kama ramani. Kwenye 1.6 zilivimba na kuungana. Nilisimama 0.8.

Kisha "Masking". Shikilia Alt tena. Peupe patanolewa, peusi pataachwa. Vuta mpaka ukuta na shavu viwe vyeusi, huku ndevu, macho na sweta vikibaki vyeupe. Kwa nyuso ni kawaida kufika 60 hadi 80. Kitelezi hiki kinaanza na 0, maana yake kila doa la noizi ulilolibakisha kwa makusudi kwenye hatua ya 4 linanolewa. Kama utabadilisha kitu kimoja tu baada ya kusoma mwongozo huu, badilisha hiki.

Kisha "Detail". Kikiwa chini, kinazuia mistari myeupe. Kikipanda kuelekea 100, hesabu yenyewe inabadilika: inajaribu kurudisha nyuma ukungu wa lenzi, na inafukua vitu vidogo sana pamoja na noizi. Mawe na magome ya miti kwa ISO 100 yanavumilia 60 au zaidi. Uso kwa ISO 3200, kaa 15 hadi 25.

"Amount" mwisho. Pandisha mpaka uone umezidisha, kisha rudi.

Wa RawTherapee, tumieni zana ya kunoa iliyo kwenye kichupo cha Raw, iliyoingia na toleo la 5.8. Inajaribu kurekebisha ukungu ulioletwa na lenzi na kihisi, inakisia yenyewe upana wa ukungu huo, na inaacha sehemu tulivu. Kwa wengi inatosha bila kugusa zana nyingine ya kunoa.

Onyo moja zaidi. Picha iliyopigwa kwa tundu dogo sana la lenzi, kama f/22, inalainika picha nzima kwa sababu mwanga wenyewe unasambaa ukipita kwenye tundu jembamba. Kunoa kutasaidia kidogo. Picha iliyotikisika au iliyokosa fokasi haitasaidiwa na kitelezi chochote cha hapa, iache.

Ukifanikiwa: unaweza kuhesabu nywele za nyusi, lakini ukingo wa bega dhidi ya dirisha hauna mstari mweupe. Huo ukingo wa bega ndio kipimo changu. Mstari ukionekana hapo, punguza "Radius" kwanza kabla ya "Amount".

## Hatua ya 6: Ongeza umbile kwa brashi

Kitelezi cha "Texture" kinagusa vitu vya ukubwa wa kati: makunyanzi, mikunjo ya nguo, gome. "Clarity" inagusa vikubwa zaidi. Usivitumie kwa picha nzima. Paka "Texture" +20 kwenye sweta na ndevu, na ukipenda −10 kwenye paji la uso. Ukishusha hadi −40 umerudi kwenye mdoli wa plastiki uliyemkimbia.

## Hatua ya 7: Weka chembe, kama zinahitajika

Inashangaza kwamba baada ya kupunguza noizi unaweza kutaka kuongeza chembe (si zile za mwanga za hatua ya 2, bali vidoa vidogo kama vya filamu, "Grain" kwenye Lightroom). Si jambo la mapambo. Sehemu ulizozilainisha na sehemu ulizozinoa sasa zinaonekana kama zimetoka kamera mbili. Pazia jembamba la chembe linaziunganisha. Pia linavunja zile ngazi za rangi zinazotokea angani au ukutani.

Chembe za filamu hazifanani na noizi ya kihisi. Noizi inajazana kivulini na kuna rangi ndani yake. Chembe za filamu nyeusi na nyeupe huonekana zaidi kwenye kijivu cha kati, hazina rangi, na ukubwa wake haulingani. Kwa hiyo kuacha noizi ili ionekane kama filamu hakufanyi kazi, hata kama wengi wanashauri hivyo.

Anza na "Amount" 15, "Size" 25, "Roughness" 50. "Size" ikishuka sana, chembe zinapotea picha inapopunguzwa. "Roughness" ikiwa chini sana, chembe zinajipanga kama wavu na jicho linagundua udanganyifu.

Ukifanikiwa: huoni chembe mpaka uzitafute, lakini ukizizima unahisi picha imekuwa baridi.

## Hatua ya 8: Toa picha

Kupunguza ukubwa kunalainisha. Picha ya pikseli 6000 kwa upana ikishushwa hadi 2000, pikseli 9 zinakuwa 1, na chembe zako nzuri zinayeyuka pamoja na ukali. Kwa hiyo kuna kunoa kwa mara ya pili, baada ya kupunguza, na programu inakufanyia wakati wa kutoa faili. Chagua "Screen" kwa kioo au aina ya karatasi kwa uchapishaji. Kiwango cha "Standard" kinatosha mara nyingi. Kwa wavuti, ongeza "Amount" ya chembe kidogo kabla ya kutoa. Kwa karatasi, picha hiyo ya 6000 kwa pikseli 300 kila inchi inatoka inchi 20 bila kupunguzwa, basi chembe ziache kama ulivyoziona kwenye 1:1.

Ubora wa JPEG usishuke chini ya 80. JPEG inakata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa kwanza vitu vidogo ndani ya kila kipande, yaani umbile uliloliokoa tangu hatua ya 3. Ujue pia kwamba picha yenye chembe inatoa faili kubwa zaidi kwa ubora uleule. Mtandao ukikuwekea kikomo cha ukubwa wa faili, punguza vipimo vya picha kabla ya kupunguza ubora.

Sasa funga programu. Fungua JPEG kwa kitazamio kingine, kwenye kifaa itakapotazamwa, na uende moja kwa moja pale sweta inapoingia kivulini. Vitanzi vya uzi vikiwa bado vinaonekana upande wa giza, picha iko tayari. Visipoonekana, rudi hatua ya 4, si ya 5.